Mlango wa Nyuma

Jiko la Apolonia lilipokwisha kujengwa, nusu ya Chang'ombe ilikuja kulitazama. Walikuja wake za makarani na miavuli yao, wakaja wauza samaki na matenga yao, hata katekista alipita, akagonga ukuta kwa kidole na kukiri kwamba kweli hii ni saruji. Walilisifu mpaka wakakaukiwa mate. Apolonia alisimama pembeni amekunja mikono, anaitikia "ahsanteni, ahsanteni", na moyoni anasema: lichukueni basi, mwende nalo.

Jiko lile halikuwa lake, ingawa yeye ndiye aliyeliomba.

Aliliomba kwa sababu ya mama yake. Kokushubila alikuwa mjane, anaishi kwao Bukoba, na macho yake yalikuwa yanakufa. Dresa wa zahanati ya kule alimwambia kwamba ugonjwa wake huiba nuru kidogo kidogo, kama mwizi wa mahindi, leo gunzi moja kesho mawili. Katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam alikuwapo daktari wa macho aliyeweza kumzuia mwizi huyo, ila kilichokwisha kuibwa hakirudi. Kwa hiyo ilikuwa ni kuwahi tu. Na kwa kuwa Apolonia ndiye mtoto pekee aliyebaki hai, mama ilimpasa aje kwake, akae kwake mpaka daktari amalize kazi yake.

Hapo kwenye kukaa ndipo palipokuwa na kazi. Kwao, mwanamke na mume wa binti yake hawaonani. Hawapeani mkono, hawali wakitazamana, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao huingia migombani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo wala haijui habari za mjini. Sasa mama wa namna hiyo utamweka wapi katika nyumba ya mkwewe, mahali ambapo hata jirani akipiga chafya ukutani unamwitikia?

Mara ya kwanza iliwezekana. Mama alikuja Avelina, mtoto wa Apolonia, alipozaliwa, na wakati huo jiko lilikuwa banda la udongo na makuti mwishoni mwa ua, lenye kijichumba ubavuni na mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Kokushubila alikaa humo mpaka mtoto akaanza kucheka. Akitaka kwenda kuoga, alikohoa. Revelian, mume wa Apolonia, akitaka kutoka uani alikohoa naye, akangoja, akasikia kikohozi kinamjibu kutoka jikoni, ndipo akapita. Waliishi hivyo kwa amani, wakiamkiana kwa vikohozi, na Revelian alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba hajaona mkwe mwema kama yule. Sura yake wala hakuwa akiijua sawasawa.

Lakini banda lilikuwa limechoka. Masika iliangusha ukuta mmoja, mchwa wakamalizia nguzo. Apolonia akamwambia mumewe:

"Baba Avelina, tulitengeneze jiko kabla mama hajaja. Ukuta tu, na bati juu. Mlango wa nyuma ubaki palepale."

Hilo tu ndilo aliloomba. Mtu mwingine angemwita fundi wa mtaani akakandika udongo, na maneno yangeishia hapo. Lakini Revelian alikuwa karani, na mwaka ule, ambao Malkia wa Uingereza alivishwa taji, naye alikuwa amepandishwa, akahamishiwa meza ya karibu na dirisha. Karani wa meza ya dirishani haiti fundi wa udongo. Huyo huita mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Albano. Alikuwa mtu wa kusini, kijana mtanashati, soksi ndefu mpaka magotini, kazi yake kuchora ramani za majengo ya serikali, na Jumapili akiwachorea watu wenye uwezo. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Apolonia baadaye, maana mtu mbaya angalau unamchukia ukapumua. Albano alikuwa na adabu, alikuja na futi yake na karatasi yake iliyoviringwa, akavua kofia mlangoni, na akalizunguka lile banda kwa huruma, kama daktari anayemzunguka mgonjwa asiyepona.

"Hili livunjwe," alisema.

Alimweleza Revelian jinsi jiko la siku hizi linavyokuwa. Linakuwa ndani ya nyumba, ukuta mmoja na sebule. Linakuwa na meza ya saruji ya kupikia mtu akiwa amesimama wima, na bomba la kutolea moshi juu ya bati. Na katika ule ukuta wa sebule panatobolewa kidirisha chenye vibao viwili vya kufungua na kufunga, ili chakula kitoke jikoni kitue mezani bila mtu kuzunguka na masufuria. Alilichora jambo hilo palepale kwa penseli. Revelian alikitazama kile kidirisha kwenye karatasi, na Apolonia aliyekuwa anaosha vyombo karibu yao akaona uso wa mumewe unalainika kama siku alipokuja kumposa.

"Wageni wenu ni watu wa namna gani?" Albano aliuliza. "Lazima nijue, nyumba huchorwa kwa kufuata watu."

"Makarani wenzangu," alijibu Revelian. "Na padri, mara mojamoja."

Hakusema "na mkwe wangu". Apolonia alingoja aseme. Aliacha hata kusugua sufuria ili asikie vizuri, lakini mumewe alikwisha kuhamia kwenye habari za rangi.

Albano alipoondoka, Apolonia alimwuliza mumewe, "Na mama, je? Akija atakaa wapi?"

"Polepole, mwanamke!" Revelian aligeuka kutazama mlango. "Mkwe anatajwa ovyo namna hiyo? Nimwambie mtu baki kwamba mkwe wangu analala hapa, anaogea pale? Nina wazimu?"

"Lakini ndiye anayechora."

"Achore. Heshima ya mama yako naijua mwenyewe."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Heshima ileile iliyotaka ukuta ujengwe ndiyo iliyokataza ukuta utajwe, na mchoraji, ambaye hakuwa mchawi, angejuaje? Apolonia alikaa na jambo hilo siku kadhaa likimchoma. Mwisho akaona kwamba aibu ya kusema ni ndogo kuliko macho ya mama yake. Albano alipokuja kupigilia mambo, vile vigingi vya kupimia kuta, Revelian akiwa hajarudi kutoka kazini, alimfuata.

"Bwana Albano, wewe umewahi kupika?"

Albano akacheka. "Mie? Mie nina dada watatu, mama."

"Haya, sikiliza basi, nikwambie kitu ambacho haikunipasa kukwambia." Akamweleza yote: mama yake, macho yake, mkwe na mkwe. "Kwa hiyo nakuomba. Usitoboe ukuta wa sebule. Na unipe mlango wa nyuma, mtu aweze kuingia na kutoka bila kupita mbele ya wanaume."

Kijana alimsikiliza vizuri, hata penseli aliitoa sikioni. "Nimeelewa, Mama Avelina. Hata kwetu mkwe ni mtu mzito. Nitazungumza na Bwana."

Hapo ndipo alipoharibu, na aliharibu kwa uaminifu wake. Alizungumza na Bwana. Revelian aliposikia kwamba mkewe amemtoa mkwe wake nje, akamweka mbele ya mtu wa kulipwa wazungumze habari zake za kulala na za kuoga, uso ulimbadilika. Mbele ya Albano alicheka tu, akasema wanawake wana wasiwasi, chora kama ulivyochora. Albano alipumua, maana mlango wa nyuma ulikuwa unakula ukuta wa rafu, na tena, alisema, mlango wa nyuma mjini ni karibu-wezi. Wakakubaliana wanaume wawili, wakaufuta kwa kifutio.

Mgeni alipotoka, Revelian akamgeukia mkewe. "Umenivua nguo, Apolonia."

"Nimekuomba ukuta."

"Mama akiwapo, kidirisha sitakigusa. Naapa. Umeridhika?"

Hakuridhika, lakini angefanya nini? Banda lilikuwa limekwisha kubomolewa, makuti yake yamechomwa, na masufuria yake yamelala uani kama watu waliofukuzwa nyumba. Jiko likajengwa, watu wakaja kulisifu. Apolonia alitundika khanga juu ya vile vibao viwili vya kidirisha, akaupachika upindo wake kwa misumari, na akamwomba Mungu mume wake awe mtu wa neno lake.

Kokushubila alikuja kwa meli mpaka Mwanza, na kwa gari la moshi mpaka Dar es Salaam, akiongozwa na Audax, binamu yake Apolonia. Aliingia nyumbani mchana, amejifunika shuka mpaka puani, Revelian akiwa kazini. Binti yake alimpeleka jikoni. Mama alisimama katikati, akapapasa meza ya saruji, akapapasa bomba la moshi, akazunguka na kuta zote kwa viganja vyake.

"Pazuri," alisema. "Mlango uko wapi?"

"Ndio huo tulioingilia, mama."

"Na ule wa kutokea?"

Mlango ulikuwa mmoja, nao ulitokea kwenye ukumbi mwembamba, uso kwa uso na mlango wa sebule. Kokushubila akavuta pumzi. "Huu ni mtego wa panya, mwanangu," alisema taratibu, "ila umesakafiwa vizuri."

Waliishi kwa vikohozi tena, lakini vikohozi vya ndani ya nyumba si sawa na vya uani. Mtu alikohoa sebuleni, sauti ikagonga dari, ikarudi, huwezi kujua anakuja au anakwenda. Kokushubila alilala chumbani kwa Avelina. Alfajiri alikwenda kuoga, kisha akajifungia jikoni mchana kutwa, maana asubuhi na jioni ukumbi ulikuwa wa mkwewe. Hakulalamika. Alisema atavumilia, siku ya daktari iko karibu, na akishatibiwa ataondoka na nuru iliyobaki awaachie jumba lao. Apolonia alizihesabu siku zile kama mfungwa. Mumewe kweli hakukigusa kidirisha, na Apolonia alianza kumwonea huruma, hata akajiuliza kama hakumhukumu vibaya.

Halafu ikaja Jumapili. Apolonia alikuwa amesali misa ya kwanza, Revelian alikwenda ya pili. Mama alikuwa jikoni, joto la makaa limejaa mle ndani, kwa hiyo alikuwa ameteremsha shuka kiunoni, kichwa wazi, mabega wazi, anakula ndizi zilizobaki za jana. Apolonia alitoka uani kuanua nguo. Hakuwa na habari kwamba mumewe anarudi na wageni: Gozbert, karani mwenzake na mtu wa kwao, na Albano, aliyemkuta kanisani. Aliwasikia tu wakicheka sebuleni, akazitupa nguo begani, akaanza kukimbia.

Hakuwahi. Revelian alikuwa amesimama mbele ya ukuta, anamsimulia Gozbert maajabu ya jiko la siku hizi, na mkono wake ukaenda wenyewe. Alisahau. Apolonia aliamini mpaka mwisho kwamba alisahau kweli. Alisahau kama mtu anavyosahau kitu asichokijali sana. Alivuta vile vibao, misumari ya khanga ikang'oka, na mbele yake, mkono mmoja tu kutoka puani pake, akaona uso wa mkwewe, na chakula kinywani.

Kokushubila, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza nuru kidogo mno, alimwona vizuri.

Gozbert aligeukia ukuta mara moja, mikono usoni. Alijua. Lakini Albano alikuwa nyuma, haoni kitu ila kazi yake, akasema kwa furaha, "Mnaona mwanga unavyopita?"

Sahani ikaanguka. Kidirisha kikafungwa kwa kishindo. Apolonia alipoingia jikoni hakumkuta mama, mpaka alipoinama akamwona amejikunja chini ya meza ya saruji, penye kuni, shuka limevutwa mpaka utosini.

"Mama, twende. Nitakufunika vizuri, nitakupeleka chumbani."

"Nipite wapi?" Sauti ilitoka ndani ya shuka. "Nipite mbele yake tena?"

Upande wa pili wa ukuta Gozbert alisikika akiaga, hakunywa hata maji. Albano alibaki, maskini, kwa kuwa alikuwa amealikwa chakula na chakula hakijaja, na hakuna aliyemwambia kitu. Na Revelian, badala ya kumtoa mgeni ili mzee apite, aliona aibu ya kumfukuza mgeni. Aibu hiyo aliiona. Alikaa naye, wakazungumza habari za bei ya bati, mpaka adhana ya alasiri ikasikika upande wa Temeke. Muda wote huo Apolonia alikaa sakafuni, mguu mmoja wa mama yake mapajani mwake, akiusugua kama anavyosuguliwa mtu mwenye homa. Sakafu ilikuwa nzuri, laini, haina hata ufa. Aliichukia.

Siku ya pili Revelian aliagiza mbuzi na shuka jipya, kama desturi inavyomtaka mtu aliyemkosea mkwe, akavituma kwa mkono wa Audax. Kokushubila alivipokea. Alituma jibu kwamba hana hasira na mkwewe, Mungu ambariki. Kisha akamwambia binti yake amfungie mzigo.

"Mama, daktari ni wiki hii hii! Subiri. Rafiki yangu Filomena wa Temeke ana chumba, nimekwisha kuzungumza naye."

"Nikalale kwa Filomena, mji mzima useme nyumba ya binti yake haikumtosha? Ukaishi na aibu hiyo, wewe na Avelina?"

"Waseme!"

"Huwajui watu, mwanangu." Akampapasa uso, paji, pua, kidevu, kwa muda mrefu. "Siwezi kukaa ndani ya nyumba hii nikingoja daktari. Kila nikifumba macho namwona ananitazama nikitafuna. Hayo macho nikiyaponya, yatanisaidia nini?"

Apolonia alilia, aliomba, hata alimsukuma Audax amzuie. Kesho yake gari la moshi lilimchukua mama yake na macho yake ambayo hayakupata kutazamwa na daktari.

Revelian alijuta. Tumpe haki yake, alijuta sana, hata akakonda. Na majuto ya karani wa meza ya dirishani ni kumwita mtaalamu. Albano alikuja tena na karatasi yake, akachora bila kupokea hata senti, na mafundi wakaja wakatoboa ukuta wa nyuma wa jiko. Wakatia mlango wa mninga wenye kitasa cha shaba. Revelian akamshika mkewe mkono, akampeleka.

"Haya, Mama Avelina. Mlango wako huo."

Apolonia aliutazama. "Wa nani?" aliuliza, akarudi kwenye sufuria lake.

Tangu hapo hawakugombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Alimpikia, alimfulia, alimwitikia. Chakula hakukipitisha kidirishani. Alizunguka nacho ukumbini, sufuria mkononi, siku zote, na Revelian hakuthubutu kumwuliza kwa nini.

Masika nyingine ilipokwisha, Audax alirudi kutoka Bukoba. Ilikuwa jioni, Revelian yuko mezani anangoja chakula. Audax hakuingia sebuleni. Alizunguka uchochoroni, akaingia kwa ule mlango wa mninga, mtu wa kwanza kuutumia, akakaa juu ya kinu na kumpa Apolonia salamu za mama yake kama alivyopewa, neno kwa neno. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono. Akapakua chakula cha mumewe, akakitia nyama nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akavuta vile vibao viwili.

Revelian aliinua uso, na uso ule ulikuwa unataka kutabasamu.

"Audax amefika," alisema Apolonia, akimsogezea sahani. "Mama anakusalimu sana. Anasema sasa anaweza kuja kukaa kwako wakati wowote, hata hapa jikoni, hata ukifungua. Ameshakuwa kipofu, hakuoni tena."

Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja vyombo.

"Kula, kinapoa," alisema, na akakifunga kidirisha.

Audax alikuwa ameinamia miguu yake. Upande wa pili hakukusikika kijiko wala kiti. Halafu Revelian akakohoa. Alikohoa taratibu, kwa adabu, vile alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kutoka uani, akangoja ajibiwe.

Apolonia alikuwa amekwisha kuanza kuosha sufuria.